Chupa ya Chai Niliyoimwaga Ruziba

Chupa yenyewe ilikuwa ya soda nyeusi, ile ya kioo, lakini ndani mlikuwa na chai ya Mama isiyo na sukari hata chembe. Ukiiona kwa mbali usingejua. Hata kwa karibu usingejua, mpaka uinuse. Nilikuwa naibeba kwenye mfuko wa kitambaa, chini ya mtandio wangu wa akiba, kila mara Baba alipoalikwa mahali. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kuhakikisha kwamba anachokunywa Baba mbele za watu ni hiyo chai.

Naandika haya kwa sababu siku moja kazi hiyo sikuifanya. Kila nikitaka kumweleza mtu, maneno yanakwama. Kwenye daftari hayakwami sana.

Baba ni fundi wa magari, na sisi ni watu wa mtaa wa Bwiza tangu babu ya babu. Lakini Bwiza nzima haimjui kwa magari. Inamjua kwa mdomo. Familia ikienda kuposa, inamchukua Baba awe msemaji wao, maana Baba anaweza kukuomba binti yako mpaka wewe mwenyewe ukajiona ndiye unayeomba. Anaanza kwa mzaha, anazunguka, anamsifu marehemu bibi yako ambaye hakuwahi kumwona, na ukishtuka umeshasema ndiyo. Mimi sikurithi hata robo ya mdomo huo. Darasani mwalimu akiuliza swali ambalo jibu lake nalijua, naangalia viatu vyangu.

Mwaka jana Baba alianza kukonda. Alikuwa anakunywa maji mtungi mzima, halafu anaenda chooni, halafu anarudi kwenye mtungi. Akatania kwamba radieta yake inavuja. Mama hakucheka. Alimlazimisha kwenda kupimwa katikati ya mji, kule Rohero, na mimi nikapelekwa pamoja naye kwa sababu karatasi za hospitali zimeandikwa Kifaransa na Baba hapendi kuonekana anasomewa na mtu mgeni.

Tuliketi kwenye benchi tukisubiri majibu. Kando ya benchi, karibu kabisa na mizani ya kupimia wagonjwa, palikuwa na frigo ndefu yenye rangi na jina la kampuni ya soda, inawaka taa mchana kweupe. Chupa zimepangwa ndani kama wanafunzi mstarini. Muuguzi alipotuita alituambia kwamba Baba ana sukari, tena nyingi, imekaa mwilini muda mrefu. Akataja vya kuacha. Cha kwanza kilikuwa soda. Akasema hata moja asinywe, hata nusu, hata ya kuonja. Tulipotoka tulipita tena mbele ya frigo ile, na mlinzi wa mlango alikuwa anaifungua kuchukua soda yake.

Mtu asiyekaa kwetu atauliza: si angesema tu hanywi? Hapo ndipo penye shida, na nitaeleza.

Kwetu mgeni haondoki na koo kavu. Na kinywaji cha mgeni kinafunguliwa mbele ya macho yake, ili aone kifuniko kinaruka na ajue hakuna mkono uliotia kitu humo. Maneno ya sumu yapo mjini hapa tangu zamani, kila mtu ana hadithi ya jirani aliyepewa kikombe akarudi nyumbani kufa. Bibi yangu alikuwa akisema zamani waliumaliza wasiwasi huo kwa mwenye nyumba kuonja kwanza. Siku hizi hakuna anayeonja. Chupa yenyewe ndiyo inayoapa kwa niaba yako. Sisi Waislamu hatupokei bia, kwa hiyo kwetu heshima yote imekaa kwenye soda. Ukimpa mgeni chai, ni kama umemwambia hukumtarajia. Thermosi yetu ya chai, ile kubwa yenye maua, tunaitoa msibani tu.

Sijui ilianza lini hasa. Nakumbuka duka la kona yetu lilikuwa la rangi ya udongo, na mwenyewe alikuwa anauza tangawizi ya jagi, kali, inakuchoma mpaka masikioni. Kisha akaja bwana mmoja na gari la kampuni, akampakia rangi ukuta mzima bure, akamletea viti na meza bure, akamwachia na frigo. Sharti lilikuwa moja: humo ndani kisiingie kitu kingine. Majagi yakakosa pa kukaa. Ukutani walichora familia inacheka, baba, mama na watoto, kila mmoja na chupa mkononi, na mgeni anaingia mlangoni amenyoosha mikono. Nimekua naiangalia picha hiyo kila siku nikienda shule. Ile familia haikuwa na mtu mwenye aibu.

Na shuleni pia walikuja, siku ya michezo, na muziki, wakagawa chupa moja kwa kila mwanafunzi. Hakuna aliyeulizwa jina wala kusimamishwa mbele. Mimi ambaye sijawahi kupewa kitu bila kwanza kutakiwa niseme kitu, nilipewa ile chupa baridi mkononi hivi hivi tu. Nilihisi kama wananijua.

Basi, Baba angekataaje? Akikataa bila sababu, amewashuku. Akitoa sababu, amejitangaza. Na kujitangaza hakutaka kabisa.

"Mutu anayeoa hataki kusemewa na mugonjwa," alimwambia Mama. "Watasema bahati yangu imeoza, nitaiambukiza ndoa yao."

"Basi kunywa," Mama akamjibu. "Ufe na heshima yako, tukuzike nayo."

Ni Mama huyo huyo aliyeleta wazo la chupa, alipokuwa anamimina chai akaiona rangi yake. Baba kwa ufundi wake alikuwa akikinyoosha kifuniko kwa koleo mpaka kinarudi vizuri juu ya chupa. Mpango ulikuwa hivi: mwenye nyumba anafungua soda, Baba anagusa mdomo tu, anaiweka chini kati ya kiti chake na changu. Mimi natoa ya chai mfukoni, naiweka pale pale, na ile ya soda naichukua. Akiinamisha mkono bila kuangalia, anakuta chai. Mtoto wa kike aliyenyamaza nyuma ya baba yake hakuna anayemtazama. Kwa mara ya kwanza aibu yangu ilikuwa na faida nyumbani.

Sasa nafika mahali ambapo hata kalamu inasita. Ile soda ya Baba nilikuwa naimaliza mimi. Na ya kwangu niliyopewa kama mgeni, hiyo pia. Mwanzoni nilijiambia naficha ushahidi. Baadaye nikawa naamka siku ya mwaliko nimeshafurahi. Kama wiki mbili zimepita bila mwaliko, kichwa kinauma na nakuwa mkali kwa wadogo zangu. Nilianza kumkumbusha Baba: hatujamsalimia shangazi, hatujampa pole fulani, yule rafiki yako amepata mtoto. Baba aliwaambia watu kwamba binti yake amekuwa mtu wa undugu. Kumbe nilikuwa nampeleka baba yangu kwenye hatari ili nipate chupa mbili. Kuna siku nilifikiri, kwa maneno kabisa kichwani, kwamba ni heri aliugua. Nililifuta wazo hilo haraka, lakini nililiona likipita.

Halafu ikaja Ruziba.

Jirani yetu alikuwa anamposea kijana wake binti wa huko, kwenye kitongoji cha kando ya ziwa, kusini mwa mji. Baba alikuwa msemaji wetu. Msemaji wa upande wa binti alikuwa mzee mmoja mfupi, kofia nyeupe, sauti nzito kuliko mwili wake, naye alikuwa na sifa kama za Baba. Watu walikuja kuwasikiliza hao wawili kama wanakuja mpirani. Viti vyote uani vilikuwa vya plastiki, vya rangi ya kampuni, na kwenye kivuli cha ukuta zilipangwa kasiye, yale makreti ya soda, moja juu ya nyingine, mpaka zikanifika kifuani.

Nilishuka kwenye gari na mfuko wangu, na nani ananipokea pamoja na wasichana wa kukaribisha? Msichana wa darasa langu. Binti mwenye kuposwa alikuwa dada yake. Shuleni anakaa safu ya mbele, anacheka na walimu, na sidhani kama kabla ya siku hiyo aliwahi kuisikia sauti yangu. Alinikumbatia kwa furaha ya kweli, akaupokea mfuko wangu anisaidie, akauona uzito wake. Akauchungulia.

"Weye," akasema, "unakuja na kinywaji yako ku mahari yetu? Munaogopa tutawawekea sumu?"

Alitania. Sasa najua alitania. Lakini wenzake wawili walicheka, na mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba watu wa Bwiza wanajiona. Nikasema apana, ni chupa tupu, naenda kuirudisha dukani. Akanyanyua mfuko tena akaupima, akaniuliza tangu lini tupu ikawa nzito. Wakacheka tena. Mimi nikacheka pia, kile kicheko cha mtu anayetaka watu waondoke.

Ningeweza kuurudisha mfuko begani na kwenda kukaa mahali pangu. Hakuna aliyenizuia. Badala yake niliuliza choo kiko wapi, nikazunguka nyuma ya nyumba penye migomba, nikakitoa kifuniko kwa meno, nikaimwaga. Chai ilikuwa bado ina joto. Ilitoa harufu ya mchaichai wa Mama, na udongo ukainywa mara moja kama ulikuwa unaisubiri. Chupa nikaiacha hapo hapo kwenye majani ya migomba.

Nilirudi nikakaa nyuma ya Baba. Hakugeuka. Alikuwa ananiamini.

Mzee mwenye kofia alileta soda kwa mkono wake mwenyewe, akaifungua mbele ya Baba, na watu wakapiga makofi kifuniko kiliporuka. Baba akagusa mdomo, akaiweka chini, akasimama. Alisema vizuri siku hiyo kuliko siku zote. Alisema wamepotea njia wakitafuta maji ya ziwa, wakaona nyumba yenye kisima, wakaambiwa kisima kina mwenyewe. Wazee walicheka wakifuta macho. Mimi nilikuwa naitazama chupa chini ya kiti, na mikono yangu imekaa mapajani. Nilikuwa na muda wa kuinuka, wa kumnong'oneza, wa kuipiga teke tu ile chupa imwagike. Wasichana walikuwa wamesimama mlangoni wanatazama upande wetu.

Baba alikaa, amekauka kwa maneno, akainamisha mkono bila kuangalia. Alikunywa kama mtu anayekunywa chai: funda kubwa kwa mkupuo. Niliona koo lake likisimama katikati. Mzee wa upande wa pili alikuwa ameinua chupa yake juu, anamsubiri. Baba alimeza. Kisha akageuza kichwa kidogo sana, jicho moja likaniangalia, nikainamisha langu.

Kila hatua ya maneno ina chupa yake. Moja ya kukaribishwa, moja ya kuulizwa nia, moja ya kukubaliwa. Baba alizinywa tatu mpaka mwisho, maana ile ya kukubaliwa haibakizwi. Vigelegele vilipopigwa alikuwa anatabasamu na jasho linamtiririka kwenye paji la uso. Na mimi? Mimi yangu niliinywa. Ilikuwa ya chungwa, baridi sana. Niliinywa yote.

Tulipofika nyumbani aliniita pembeni akaniuliza chai ilikuwa wapi. Nikasema chupa ilianguka wakati wa kushuka garini. Baba akanitazama. Akasema sawa, vitu huanguka. Akamwomba Mama asinigombeze.

Siku mbili baadaye hakuamka kwenda gereji. Alikuwa na kidonda mguuni, kidogo, chuma kilimdondokea wiki iliyopita, alikuwa anasema kitapona. Sasa mguu umevimba, anatapika, anapumua haraka, anatuuliza jambo moja mara tatu. Tulimpeleka asubuhi hiyo hiyo. Muuguzi alimtoboa kidole, akaweka damu kwenye kimashine, na kimashine kikakataa kuonyesha namba, sukari imepita kipimo chake. Akajaribu kingine. Kikakataa pia. Alituuliza amekunywa nini siku hizi. Mama akaapa kwa Mungu kwamba mume wake anakunywa chai na maji, basi. Mama aliapa na mimi nimesimama hapo kando yake, nimeshika viatu vya Baba.

Walimlaza. Kidole kidogo cha mguu walikikata siku iliyofuata ili kidonda kisipande. Mama aliwaambia watu ni mguu tu, ni ajali ya kazi, na watu wakaanza kuja kumsalimia.

Mgonjwa kwetu haendewi mikono mitupu. Na watu wote, wote, walikuja na soda. Mmoja alileta nyeusi kwa sababu inatoa gesi tumboni. Mwingine alileta nyekundu kwa sababu inaongeza damu. Jirani wa gereji alileta nne kwenye mfuko, akisema mgonjwa anahitaji nguvu, na nguvu iko kwenye sukari. Hakuna aliyekuwa anamtakia mabaya. Kijimeza cha kitandani kilijaa, Mama akaanza kuzisukuma chini ya kitanda kwa mguu, huku akisema asante, Mungu awalipe. Baba alikuwa amelala juu ya soda kama mwenye duka.

Siku ya tatu wakaja wale wakwe wa jirani yetu, kutoka Ruziba. Yule mzee mwenye kofia mbele, nyuma yake msichana wa darasa langu amebeba kikapu. Baba alijitahidi kukaa. Walitaniana kidogo, mzee akisema hawezi kumruhusu msemaji mwenzake afe kabla ya harusi, nani atamjibu. Kisha akaingiza mkono kikapuni, akatoa soda ya chungwa, akatoa na ufunguo wa chupa kwenye funguo zake. Aliifungua mbele ya macho ya Baba, taratibu, kwa adabu. Kifuniko kilianguka sakafuni kikazunguka. Akamkabidhi kwa mikono miwili.

Mkono wa Baba ulipokea. Mama aliangalia dirishani. Chupa ikaanza kupanda.

"Baba asinywe," nikasema.

Mzee akageuka akitafuta sauti imetoka wapi. Akauliza nani amesema. Nilirudia, na safari hii nilikuwa nimesimama, sijui nilisimama saa ngapi.

"Baba iko na sukari. Hata kule kwenu hakutakiwa kunywa. Mama alinipa chai ndani ya chupa, mi nikaimwaga."

Mgonjwa wa kitanda cha pili akageuza kichwa. Msichana wa darasa langu alikuwa anaangalia kikapu. Mzee aliniuliza niliimwaga kwa nini. Alikuwa anauliza tu, bila ukali, na ndiyo maana nililia. Nikamwambia niliona aibu, walisema tunaogopa sumu.

Mzee aliichukua chupa kutoka mkononi mwa Baba. Akaiweka juu ya kijimeza.

"Chupa tatu nilimufungulia mimi," akasema. "Na mukono hii. Kumbe sumu tulimupa kweli."

"Apana, muzee," Baba akasema. "Mulinipa heshima."

Hawakukaa sana baada ya hapo. Muuguzi, aliyekuwa anabadilisha dawa ya jirani na kusikia yote, alikuja akamwambia Mama kwamba si soda tatu zilizomlaza, ni miezi mingi na kidonda, ila soda tatu zimeongeza kuni kwenye moto. Nadhani alitaka kunisaidia. Mama hakunitazama. Baba alikuwa amegeukia ukuta. Siri aliyoitunza zaidi ya mwaka nilikuwa nimeitoa mbele ya wakwe, na kabla ya hapo nilikuwa nimemnywesha kwa kunyamaza. Sikujua ni kipi kinamuuma kati ya hivyo viwili.

Chupa ya mzee ilibaki juu ya kijimeza, wazi. Baba alisema bila kugeuka niende nikaimwage.

Nilikwenda nayo kwenye karai la kunawia mwisho wa korido. Nilifungua bomba. Niliiinamisha chupa, ikaanza kutoka, ile harufu ikanipanda puani. Hapakuwa na mtu. Siwezi kueleza, na sitajaribu kujitetea. Niliinua nikanywa iliyobaki. Baba amekatwa kidole, mimi nimetoka kulia mbele ya watu, machozi yenyewe hayajakauka, na nilikunywa.

Niliporudi Baba alikuwa amegeuka, ananitazama mlangoni mpaka nikafika. Akaniambia nitoe ulimi. Zamani, nilipokuwa mdogo naiba pipi, alikuwa ananiambia hivyo hivyo. Niliutoa. Najua ulikuwa wa rangi ya chungwa kwa sababu niliona uso wake.

"Na weye," akasema polepole, "nani atakubadilishia chupa?"

Mama alikuwepo, alisikia.  Nilikaa chini kwenye mkeka, mgongo wangu ukagusa chupa zilizo chini ya kitanda, zikalia.

Sasa Baba yuko nyumbani, anatembea na kandambili iliyokatwa mbele. Anajichoma sindano mwenyewe. Kwa wiki nyingi hakuna aliyekuja kumwomba akaseme mahali. Habari ilikuwa imefika Bwiza kabla yetu. Watu waliokuja walikuja kumpa dawa za majani. Alikuwa anakaa mlangoni akitazama barabara, na mimi nikipita nakwenda haraka ili asiniulize kitu, ingawa haniulizi.

Jumapili iliyopita amekuja mtu, fundi wa viti anayekaa karibu na msikiti. Kijana wake anataka kuoa. Alikaa sebuleni, akaanza kuzunguka, akasema amesikia habari za afya, akasema Mungu ndiye mponyaji, akazunguka tena. Mama aliniita jikoni anipe hela ya kwenda kona kununua soda ya mgeni, maana mgeni ni mgeni. Baba akasikia. Akasema kwa sauti kwamba hakuna anayetumwa popote, ilete thermosi.

Mama aliiacha hela juu ya jiwe la jikoni. Kisha akaichemsha chai, nikaibeba ile thermosi kubwa ya maua, nikaingia nayo sebuleni. Yule bwana alipoiona alishtuka, akashika kofia yake.

"Nani amekufa?"

"Bado," Baba akasema. "Ndiyo maana tunakunywa chai."

Akacheka. Ni mara ya kwanza tangu Ruziba. Na yule bwana baada ya kusita akacheka pia, ila kikombe alikitazama muda kabla ya kukigusa, kwa sababu hakuona kimefunguliwa. Baba akaelewa. Alikichukua kikombe cha mgeni, akaonja yeye kwanza, kama alivyokuwa akisema Bibi, akamrudishia. Wakaanza kuongea juu ya posa.

Kisha Baba akaniambia na mimi nikae, nijimiminie. Nilikaa. Chai haikuwa na sukari. Ilikuwa chungu, na nilipokuwa naimeza nilikuwa naliwaza duka la kona, frigo inawaka, na hela ambayo Mama alikuwa ameshaitoa na kuiacha juu ya jiwe la jikoni. Baba alikuwa ananitazama huku anaongea na mgeni. Nikanywa tena.